Mrejesho: Kuhusu wito wangu wa umisionari

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Niliwauliza nitajuaje kwamba msukumo wa kwenda umisionari unatoka kwa Mungu na si shauku yangu tu, na wengi mlinishauri nisiondoke kabla kanisa halijaupima wito huo pamoja nami. Nimefanya hivyo, na nawashukuru kwa dhati.

Mzee wa kanisa alinifungulia Matendo ya Mitume 13, akanionyesha kwamba Roho Mtakatifu alisema na watumishi wa Antiokia walipokuwa wakimwabudu Bwana na kufunga, ndipo Barnaba na Sauli (yaani Paulo) wakawekewa mikono na kutumwa. Kilichonigusa zaidi ni Wagalatia 1, ambapo Paulo, baada ya kuitwa, alikwenda Arabuni, na ikapita miaka 3 kabla hajapanda kwenda Yerusalemu kuonana na Kefa, yaani Petro. Hata mmisionari Mwingereza William Carey, aliyefika India mwaka 1793, hakumbatiza Mhindu wa kwanza, Krishna Pal, hadi mwaka 1800.

Kwa sasa nimekabidhiwa huduma ya kuwatembelea wagonjwa. Yupo mama mmoja asiyeweza kuinuka kitandani, ambaye kila nikienda huniomba nimsomee Zaburi ile ile ya 121, kisha huanza kunisimulia habari za wanawe. Na mimi, niliyekuwa mwepesi wa kuhubiri, sasa huifunga Biblia nikamsikiliza mpaka amalize. Msukumo wa kwenda haujapoa hata kidogo, ila haraka imeniondoka. Wazee wameniruhusu kuanza masomo ya Biblia, na nikiyamaliza watakaa tena kuliombea suala la kunituma.