Oksijeni habadiliki, amesema mheshimiwa. Basi haidrojeni akope wapi elektroni ya pili?

Ndugu zangu mnaohudhuria masomo ya likizo hapa Kampala, mnamjua, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Ni yule mwalimu wa kemia mwenye koti la maabara jeupe lisilowahi kuona hata tone la asidi. Asubuhi ya leo, mbele ya kidato cha sita kizima, ameinua karatasi yangu juu kama bendera, akasoma kwa sauti kwamba nimeipa oksijeni ya haidrojeni peroksaidi (H₂O₂) namba ya oksidisho, yaani hesabu ya elektroni ambazo atomu huhesabiwa kuzitoa (chanya) au kuzipokea (hasi), ya hasi moja, kisha akauliza darasa ni nani aliyemshusha oksijeni cheo. Darasa lilicheka mpaka madirisha yakatikisika.

Nilisimama nikamuuliza kwa heshima: ikiwa oksijeni habadiliki na ni hasi mbili hata humo, na jumla ya namba zote za molekuli ni sifuri, haidrojeni itakuwa ngapi? Akageukia ubao, akapiga hesabu, akaandika chanya mbili, kwa chaki na kwa mwandiko mzuri, halafu akaipigia mstari chini. Chanya mbili! Haidrojeni, ambaye tangu kuumbwa kwake ana elektroni moja tu, leo ametoa mbili! Nilidhani atafuta, lakini aliongeza mstari wa pili.

Mtu huyohuyo anataka tusawazishe mmenyuko wa permanganeti na peroksaidi ndani ya asidi. Manganizi hushuka kutoka chanya saba hadi chanya mbili, na oksijeni ya peroksaidi hupanda kutoka hasi moja hadi sifuri na kutoka kama povu, yaani kila permanganeti hupokea elektroni tano na kila peroksaidi hutoa mbili, ndiyo maana permanganeti mbili hudai peroksaidi tano. Kwa namba zake yeye, mlinganyo huo hautasawazika hata ukipelekwa kwa mganga. Nasema tena, alipiga mistari miwili chini ya ile chanya mbili.

Bureti Tupu: Pole, lakini ulilia darasani au ulisubiri ufike kwenye bodaboda?

Mkemia wa Masaka: Mleta uzi, hasira imekupita hesabu. Kwa namba za mheshimiwa, oksijeni mbili zinatoa elektroni nne, na haidrojeni mbili zikirudi kutoka chanya mbili hadi chanya moja zinapokea mbili. Kinachobaki ni mbili kwa kila molekuli, kwa hiyo mlinganyo unasawazika uleule, permanganeti mbili kwa peroksaidi tano.

Mleta uzi: Hata mwizi hesabu zake hutimia. Nionyeshe elektroni ya pili ya haidrojeni ilipo, ndipo tuzungumze. Mistari miwili, ndugu yangu!

Bureti Tupu: Tumeisikia mistari. Ukimpelekea oksijeni ya kwenye floraidi, ambako ni chanya mbili kwa sababu florini haimwachii mtu kitu, atazimia kabisa.

Binti wa Kasese: Afadhali wako anakuandikia namba nzima. Wetu alinifukuza darasani kwa kusema kwamba chuma katika oksaidi yake, Fe₃O₄, kina wastani wa chanya nane juu ya tatu. Alidai kwamba atomu haikatwi vipande, na alipoelezwa kwamba humo kuna chuma mbili za chanya tatu na moja ya chanya mbili, akasema nilijibu kwa kiburi. Mimi naona kesi yangu ni nzito kuliko hii ya peroksaidi.

Mzee wa Maabara: Ninyi mnalalamikia walimu, mimi nawalalamikia ninyi. Katika mazoezi ya karatasi ya tatu, ule mtihani wa vitendo, nusu yenu mnasoma chini ya mbinuko, yaani uso uliopinda, wa permanganeti kwenye bureti, ule mrija wa kupimia, ilhali rangi ile ya zambarau ni nzito na husomwa ukingo wa juu. Wapo pia wanaotia asidi ya haidrokloriki badala ya salfuriki iliyozimuliwa. Permanganeti inakula kloraidi, kipimo kinazidi kuliko inavyostahili, na mimi ndiye ninayebaki nikivuta klorini humo ndani.

Bureti Tupu: Mzee, chupa zako hazina lebo, tungejuaje?

Mzee wa Maabara: Lebo zilikuwapo. Mlizitumia kufungia chapati.

Binti wa Kasese: Na suala langu la chuma hamlijibu?

Mgeni wa Mbale: Samahani, mzee, kama salfuriki imekwisha, naweza kutumia asidi ya naitriki?

Mzee wa Maabara: Hapana. Naitriki yenyewe ni kioksidishaji, yaani hunyang'anya wengine elektroni, itashindana na permanganeti kuila sampuli yako, na hutajua nani amekula kiasi gani. Njoo uchukue salfuriki, lakini uje na chupa yako mwenyewe, na iwe imeoshwa.