Fundi wa malakiti nimepewa jiwe la akiki: nianze kukata upande gani?

Mwana Katuba
Jambo yenu, bayaya na wadogo zangu. Ninachonga malakiti hapa Lubumbashi tangu papa aliponikalisha mbele ya mashini yake: mayai, tembo, vijisanduku, shanga. Jiwe hilo la kijani, la mukuba, yaani shaba, mkono wangu umelizoea. Nikipata kipande chenye umbo la mshumaa nakikata kwa upana, miviringo inatoka kama macho. Nikikipasua kwa urefu, inatoka mistari inayotiririka.

Sasa shemeji yangu amerudi kutoka Botswana, ameniletea jiwe la akiki, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Kwa nje halipendezi, lina vishimo na rangi ya udongo. Lakini pembeni limebanduka kidogo. Nilipopalowesha maji nikaona mistari ya kijivu, nyeupe na waridi, myembamba kama uzi wa kushonea, imepangana bila kugusana. Usiku ule niliamka mara mbili kwenda kuitazama tena na tochi.

Nikajaribu diski ninayokatia malakiti. Ilipata moto, ikatoa harufu ya kuungua, na jiwe halikupata hata alama ya maana. Nimesimama hapo. Ninalo hilo moja tu, nataka kumtengenezea mama kidani. Nikate na nini, na nianzie wapi nisiharibu picha iliyo ndani?

Papa wa Likasi
Mwanangu, umefanya vizuri kusimama. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe kutoka 1 hadi 10, ugumu wa malakiti ni kati ya 3.5 na 4, wa akiki ni kati ya 6.5 na 7. Kisu cha chuma kinakwaruza malakiti, lakini akiki ndiyo inayokwaruza kisu. Tafuta diski ya almasi yenye ukingo mzima usio na mapengo, kama ile ya mafundi wa vigae, na maji yatiririke muda wote. Usisukume, acha diski ilile jiwe polepole. Na jiwe la mviringo usilishike kwa mkono: linabingirika, linabana diski, vidole vinakwenda. Lisimike kwenye plasta ndani ya kopo, plasta ikauke, ndipo ukate.

Halafu vumbi. Vumbi la malakiti tunaliogopa kwa sababu lina shaba, na ni haki kuliogopa. La akiki ni silika, madini yale yale ya mchanga, likiingia mapafuni halitoki. Maji na barakoa, kila siku, hata kwa kipande kidogo.

Mama Shanga
Kwa nini usilitie rangi? Akiki ina vitundu vidogo sana, inakunywa rangi. Mafundi wa Idar-Oberstein, Ujerumani, walikuwa wakiloweka jiwe kwenye maji ya sukari, kisha kwenye asidi ya salfa. Sukari inaungulia ndani ya jiwe na tabaka zilizoinywa zinakuwa nyeusi. Wateja wangu wanapenda rangi kali.

Papa wa Likasi
Mama, kwa heshima yako, hapana. Kijivu na waridi ndizo watu wanazoipendea akiki ya Botswana. Na asidi ya salfa si kitu cha kuweka uani penye watoto.

Mwanafunzi wa Miamba
Yaya, swali lako la upande ndilo kubwa. Akiki ya Botswana ilizaliwa ndani ya lava ya kale, yapata miaka milioni 180 iliyopita. Lava ilipopoa iliacha matundu ya hewa. Silika ikajijenga humo tabaka juu ya tabaka, ikianzia ukutani kwenda katikati. Kwa hiyo mistari inafuata umbo la tundu lenyewe, kama maganda ya kitunguu. Ukibandua karibu na ganda utapata mabaka mapana mawili matatu. Ukipitisha diski katikati, kwa urefu wa jiwe, ndipo picha nzima inafunguka. Ujue tu kwamba moyoni unaweza kukuta fuwele za kwazi (quartz), au uwazi mtupu.

Kabla ya kukata, saga dirisha dogo pale palipobanduka. Mistari ikisimama wima dhidi ya uso unaosaga, itabaki myembamba na mikali. Ikilala, itapanuka na kufifia. Kwa kidani, itafute iliyosimama.

Fundi Msasa
Naongeza la kung'arisha tu. Msasa wa namba 220, 400, 600, 1200, 3000, usiruke hata moja. Kila hatua osha jiwe, mikono, hata meza. Punje moja ya 220 ikibaki inakurudisha mwanzo. Likaushe ndipo ulikague, maji yanaficha mikwaruzo. Mwisho oksidi ya seriamu, unga laini wa kung'arishia, juu ya ngozi yenye unyevu.

Mwana Katuba
Aksanti sana, nyote. Mama Shanga, rangi sitatia, lakini nimejifunza. Jana nimepata diski ya almasi, nikafungua dirisha la upana wa kucha. Upande mmoja mistari imelala, kama mwanafunzi alivyosema. Nikageuza kidogo kuelekea kwenye ncha, ikasimama yote. Nimehesabu 31 kabla macho hayajachoka. Nimeweka alama ya penseli hapo na jiwe liko ndani ya plasta. Kesho asubuhi nakata. Mama ameomba awepo, nimemtafutia barakoa yake.