Ving'amuzi viwili, TV mbili, dishi moja: spliter, LNB ya njia mbili au dishi la pili?

Ngosha_Buswelu: Mwangaluka wakuu. Nina king'amuzi cha Azam sebuleni, mwezi huu nimeongeza kingine chumbani kwa mama maana yeye anataka tamthilia, watoto katuni na mimi nikirudi jioni nataka mpira. Dishi ni moja. Fundi akaniwekea spliter ya kugawa waya akasema imeisha hiyo. Kweli zote zinawaka ila mama akibadili chaneli huko chumbani mimi huku picha inaganda halafu mawimbi yanapotea, akirudi alipokuwa nayo inarudi. Ninunue spliter nzuri zaidi, nibadili LNB (kile kichwa cha kupokea mawimbi mbele ya dishi) au nifunge dishi la pili?

fundi_nyegezi: Kaka usinunue spliter nyingine hata iwe ya bei gani. LNB yako ina njia moja na king'amuzi ndicho kinachoiamuru, kwa umeme unaopanda kwenye waya huohuo: volti 13 inashika chaneli zinazorushwa wima, volti 18 za mlalo, na kuna toni ya 22 kHz ya kuhamia masafa ya juu. Sasa wewe una mabosi wawili kwa kijakazi mmoja, 18 ikishinda huyu wa 13 anaganda. Ulizia LNB ya twin, yaani ya matundu mawili, kila tundu linasikiliza king'amuzi chake. Inakaa palepale kwenye mkono wa dishi, unaongeza waya mmoja tu. Kama unaona mbele utaongeza TV chukua quad kabisa, ina matundu manne.

MamaK_Pasiansi: Mbona mimi nina spliter mwaka wa pili huu na haijanisumbua?

fundi_nyegezi: Inawezekana dada, kama chaneli mnazoangalia zote ziko upande mmoja, au spliter yako inapitisha umeme tundu moja tu na king'amuzi cha pili kinamfuata mwenzie. Chomoa cha sebuleni kwenye umeme uone.

MamaK_Pasiansi: Nimechomoa, cha chumbani kimekufa palepale. Kumbe ndiyo maana tukisafiri na kuzima sebuleni dada wa kazi analalamika.

Gesti_Kirumba: Nyie mna TV mbili, mimi nina vyumba nane. Nilichojifunza kwa kuumia: quad na quattro si kitu kimoja. Quad unachomeka king'amuzi moja kwa moja, quattro lazima iingie kwenye maltiswichi, kile kiboksi cha kugawa mawimbi, ndiyo igawe vyumbani. Nilinunua quattro nikachomeka moja kwa moja, kila chumba kikawa na robo ya chaneli, wageni wananigongea mlango usiku. Na msisahau kila king'amuzi kinalipiwa chake, na kwa gesti ulizeni kifurushi cha biashara. Ukitaka rahisi unatumia king'amuzi kimoja na modyuleta, kifaa cha kurusha picha yake kwenye waya wa TV zote, ila hapo vyumba vyote vinaangalia chaneli moja, mgeni wa mpira na wa taarifa ya habari hawaelewani.

Igogo_mawe: Je nikiwa na Azam na DStv, dishi moja linatosha?

fundi_nyegezi: Hapana mkuu. Setilaiti ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, ya DStv 36. Sisi Mwanza tuko karibu 33, kwa hiyo la DStv linatazama karibu utosini na la Azam linalala magharibi. Nyuzi 29 kati yao ni mbali mno kwa dishi la kawaida. Kila mmoja na lake. Ila kwa DStv peke yake kuna XtraView, unaunganisha ving'amuzi kwenye akaunti moja, kaulize ada kwanza.

Ngosha_Buswelu: Nimerudi wakuu. Nimeweka twin jana na waya mpya wa dishi, ule wa RG6, nilichomoa ving'amuzi kwanza kabla ya kugusa chochote. Konekta ya zamani nilipoifungua ile nyaya ya shaba katikati ilikuwa ya kijani, imeoza kwa maji, mvua ya ziwani ya alfajiri inapiga upande uleule na fundi alikuwa ameizungushia mfuko wa nailoni tu. Sasa nimepaka grisi, nimezungushia tepu ya mpira na waya nimeupinda kwa chini kabla haujaingia dirishani maji yadondokee nje. Mama yuko na tamthilia, mimi niko na mpira, hakuna anayeganda.

MamaK_Pasiansi: Kaka hiyo tepu ya mpira umepata duka gani, Makoroboi au mpaka Nyakato?