Gari la zamani linasumbua kuwaka asubuhi: wa Mtwara na Lindi tupeane uzoefu

KoroshoGhafi: Wakuu, alfajiri ya leo jirani yangu hapa Shangani kaamsha mtaa mzima. Corolla 110 yake ilipiga stata weee, mpaka majogoo yakanyamaza. Nikaikumbuka Carina yangu, nayo ikilala usiku, asubuhi lazima uibembeleze. Wenye magari ya umri huo, lenu lilikuwa na nini na lilipona vipi?

BabaWawili_Lindi: Kwanza, stata inazunguka kivivu, au inazunguka vizuri ila moto haushiki? Ni magonjwa mawili hayo. Ikiwa kivivu, anza na betri, vichwa vyake, na stata yenyewe. Ikizunguka vizuri, kamata plagi na mafuta. Watu wananunua betri mpya wakati pampu ndiyo imechoka.

MzeeWaMikindani: Naunga mkono hoja.

Mama_Zai: RAV4 yangu ilikuwa na huo wa pili. Gari likilala, mafuta yanarudi kwenye tenki, presha inaisha. Fundi akanielekeza: fungua swichi taa za dashibodi ziwake, usipige stata, sikiliza pampu ivume kule nyuma, zima, rudia tena, ndipo upige. Linashika hapo hapo. Pampu nilikuja kuibadili baadaye sana, hela ilipopatikana.

DerevaMstaafu: Mmenitonesha. Kivuko cha Msangamkuu, nimebeba masufuria ya pilau ya maulidi kwenye Noah. Kule ndani injini inazimwa. Tumefika ng'ambo, mlango umeshushwa, waenda kwa miguu wameshuka, pikipiki zimeshuka, mimi ndiye wa mbele. Napiga ufunguo: tik. Tena: tik. Taa za dashibodi zinafifia. Nyuma yangu pikapu ya nazi, honi haikatiki. Mtu anapiga kelele "sukuma liwake!" Nikamwambia hii otomatiki, tusukume litoke tu. Sasa maji yamekupwa, kutoka pale ni mlima. Tumefika nusu, mfuniko wa sufuria ukachomoka, harufu ikatapakaa. Wallahi wasukumaji waliongezeka bila kuitwa!

Juu pale akaja kijana fundi wa boti, yuko kandambili, akaingiza mkono chini ya betri akashika waya wa arthi. Kwa nje plastiki nzima kabisa. Alipoukunja, ndani shaba imekuwa unga wa kijani. Chumvi ya bahari hiyo. Akaazima waya wa kubustia, upande mmoja akabana kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye chuma cha injini. "Piga." Likawaka robo ya mzunguko.

Ntwara_Kuchele: Pilau ilifika?

KoroshoGhafi: Na mimi nasubiri hilo.

Mkaidi wa Masasi: Otomatiki nayo inasukumwa ikawaka, mimi nimeshafanya.

BabaWawili_Lindi: Uongo. Pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini imelala, presha haipo, klachi zitashika kwa dua?

Mkaidi wa Masasi: Za zamani zilikuwa zinakubali.

BabaWawili_Lindi: Yako ya kabla ya uhuru?

Bi_Nyangao: Acheni ubishi. Vichwa vya betri vikiota ukungu mweupe, maji ya moto na magadi, kausha, paka grisi. Basi.

Mkaidi wa Masasi: Stata ikigoma igonge na spana, inaamka.

MzeeWaMikindani: Inaamka leo. Hizo ni kaboni zimekwisha, kabadili.

Mmakonde_wa_Juu: Mnatusahau wa Newala. Juni na Julai huku baridi, na Hilux ya dizeli hita plagi (zile za kupasha injini joto kabla ya kuwaka) zikifa utapiga stata mpaka betri ikate roho. Subirini taa ya hita izime kwanza, vijana mna haraka.

BabaWawili_Lindi: Nunueni mita ya kupimia umeme. Betri iliyolala usiku isome kama volti 12.6. Ukipiga stata ikashuka chini ya 9.6, betri imechoka au stata inakula umeme. Injini ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.5, la sivyo altaneta haichaji.

DerevaMstaafu: Pilau: wasukumaji walidai ujira wao pale pale. Maulidi ilipata lililobaki.

Ntwara_Kuchele: Haki yao kabisa.

Bi_Nyangao: Mwenye stata ya injini ya 5A ya Toyota huku Masasi au Ndanda anicheki. Nataka niione ikizunguka kwanza, sitaki zile zilizopakwa rangi ya fedha juu.