Naomba ushauri: mashine ya betri ya kupulizia majani, bajeti ya kati

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo Arusha. Nyumbani nina jakaranda mbili na mgrivilea mmoja, na wale wenye miti hii wanajua shughuli yake. Mgrivilea unamwaga majani karibu mwaka mzima. Jakaranda ikifika Oktoba, uwanja unakuwa zambarau. Wageni wanapiga picha, mimi nashika fagio la chelewa. Mgongo umeanza kugoma.

Nataka mashine ya betri. Ya petroli sitaki, jirani yangu anayo na Jumapili asubuhi mtaa mzima unaamka naye. Bajeti ni laki nne hadi tano, betri na chaja zikiwemo.

Kinachonichanganya ni betri. Drili yangu ni Makita ya volti 18, nina betri moja ya 5Ah (ampea-saa, yaani ujazo wa betri). Hesabu yangu: 18 mara 5 ni wati-saa (Wh) 90, kwa hiyo mashine ikila wati 400 nitapata dakika 13 hivi. Uwanja wangu ni kama mita 20 kwa 25. Zinatosha kweli? Au ninunue mashine tupu ya Makita (isiyo na betri wala chaja), kisha niongeze betri ya pili? Fundi mmoja ananishawishi nichukue Ingco ya volti 20, eti ni bei nafuu na ina nguvu zaidi, wakati hiyo 20 ni ile ile 18 betri ikiwa imejaa chaji.

Mwenye uzoefu anisaidie, hasa kwa maua yaliyolowa na kugandia kwenye pevingi. Yanatoka?