Vipepeo weupe wanapita wote upande mmoja: ni aina gani, na wanahesabiwaje?

Nyika_Voi: Wakuu, habari. Tangu juzi vipepeo weupe wanapita hapa Voi kwa maelfu, kuanzia saa tatu asubuhi, wote upande mmoja. Wingu likifunika jua wanatua. Ni aina gani, na nitawahesabuje?

Mabawa4: Mkuu, yaelekea ni Belenois aurota. Mtazame akiwa ametua amefunga mabawa: upande wa chini wa bawa la nyuma una mishipa ya kahawia, kama imechorwa kwa kalamu. Akiwa mkubwa zaidi, mweupe wa kijani kwa mbali, bila mishipa hiyo, basi ni Catopsilia florella, ambaye viwavi wake hula majani ya jamii ya mjohoro. Viwavi wa aurota hula majani ya Capparis, Boscia na Maerua, vichaka na miti ya nyikani. Mvua ikiwa nzuri huzaliana mno, miti inabaki vijiti, na jike anakosa pa kutaga. Hapo wanahama.

Kutua kwenye wingu si uchovu. Misuli ya kurukia imo kifuani, nayo haifanyi kazi sawasawa mpaka kifua kipate joto, kama nyuzi 30 hivi. Ndiyo maana asubuhi huota jua kwanza.

Dira_na_Saa: Kuhesabu: simika vijiti viwili, mita 15 kati yake, mstari ukikata njia yao. Hesabu wanaovuka kwa dakika 5, rudia kila saa. Wanaorudi nyuma waandike kando, kisha uwatoe kwenye jumla. Usichague penye maua wala matope, maana wanaozunguka kunywa utawahesabu mara mbili.

Kosa kubwa ni kwenye mwelekeo. Watu husoma kichwa cha kipepeo kinakoelekea, kumbe upepo wa ubavuni unamsukuma: kichwa huku, mwili unasogea kule. Mfuate kwa macho mita 20, ndipo usome dira. Pima vipepeo 20, na uandike upepo unatoka wapi. Anayehama kweli akikuta ukuta huupanda, akashuka upande wa pili na kushika njia ileile.

Nyika_Voi: Asante sana. Hawa watarudi?

Mabawa4: Hawahawa hapana, kipepeo mpevu huishi wiki chache tu. Wanapandana na kutaga wanakofika. Ukimwona jike amekunja tumbo mpaka likagusa jani, anataga. Wekea tawi hilo alama, viwavi watatoka baada ya siku chache.