Familia imenigomea kwa sababu ya mazoezi, dona na chumvi. Wakuu, naombeni ushauri

Baba wa Kimara:
Wakuu, habari za jioni. Nimekwama, naombeni mnisaidie mawazo.

Nina mke, mwaka wa 9 huu tangu tuoane, na watoto watatu. Tunaishi Kimara. Tangu mwezi wa 2 nimeamua familia yangu iishi kwa afya. Kila Jumamosi saa 11 na nusu alfajiri tunatoka wote, tunapanda mwendokasi mpaka kituo cha Morocco, tunashuka, tunakwenda kwa miguu hadi Coco Beach. Nyumbani soda hakuna, chipsi hakuna, sembe nimeondoa tunakula dona. Chumvi ya mboga naipima mwenyewe kwa kijiko. Saa 3 usiku televisheni inazimwa.

Mwanzoni walifurahi. Sasa mke wangu haongei na mimi zaidi ya salamu. Binti mkubwa, yuko kidato cha pili, kila Ijumaa usiku tumbo linamuuma. Wa mwisho nimemkuta nyuma ya banda la kuku anakula barafu za ubuyu amejificha. Jumamosi iliyopita nilikwenda peke yangu. Nikakaa mchangani naangalia familia za watu zinacheza, machozi yakanitoka.

Nifanyeje waelewe kwamba nafanya haya kwa kuwapenda?

Bibi Dona:
Baba, shida yako ni dona. Huwezi kumtoa mtoto kwenye sembe leo ukamtia dona tupu kesho. Anza nusu kwa nusu. Halafu dona halikai, kile kiini kina mafuta, unga ukikaa sana unakuwa mchungu. Saga kidogo kidogo. Mimi nimelea wajukuu wanne kwa dona na matembele na hakuna aliyekimbia meza. Mama yangu alikuwa anatwanga mwenyewe, sisi watoto tunapokezana mchi, na huo ndio ulikuwa mchezo wetu wa jioni.

Mzee wa Rede:
Bibi umenikumbusha mbali. Sisi Tabora hatukujua neno mazoezi. Jioni ni rede mpaka tuitwe mara tatu. Wawili wanarusha mpira, wewe katikati unajaza mchanga kwenye chupa huku unakwepa. Ukimaliza hapo kuna kombolela, kuna mdako, kuna kuruka kamba. Unalala kama gogo. Mleta mada, watoto wako umewapa gwaride, hukuwapa mchezo. Nani ameamka saa 11 na nusu alfajiri Jumamosi akaita hiyo raha?

Dada Mkubwa:
Mimi naongea kama mke. Kaka, umeingia jikoni kwa mwenzako ukashika kijiko cha chumvi bila kumwuliza. Jiko la mwanamke lina heshima yake. Na kingine: mwanaume akianza ghafla kufanya mazoezi, kupunguza mwili, na Jumamosi akatoka peke yake alfajiri, unadhani mke anawaza nini?

Baba wa Kimara:
Dada, ni kweli aliniuliza hivyo hivyo, "unampendezea nani?" Nikacheka tu. Lakini mimi sina mtu, Mungu ni shahidi. Na hicho kijiko siwezi kukiacha, kitu cha afya huwezi kukifanya nusu nusu.

Sista wa Zamu:
Kaka, mimi ni muuguzi, naomba nikuulize. Mwezi wa 2 kulitokea nini?

Baba wa Kimara:
Hakuna sista. Umri tu unakwenda, nina miaka 43.

Sista wa Zamu:
Mtu hapimi chumvi kwa kijiko kwa sababu ya umri. Nimekaa kliniki miaka mingi. Ulipimwa nini?

Baba wa Kimara:
Sawa. Mwezi wa 1 kazini walikuja wapimaji. Presha ilisoma 172 kwa 108. Wakarudia, 170 kwa 106. Nikaandikiwa amlodipini, kidonge kimoja kila siku. Nilimeza wiki tatu, vifundo vya miguu vikavimba mpaka viatu vikawa havipiti. Nikaacha. Ndipo nikaanza haya ya kula na kutembea.

Msinishambulie. Nimepungua kilo 4, kichwa hakiniumi, napanda ngazi bila kuhema. Dawa za presha ukizianza ndiyo umeoa, huachi mpaka kaburini. Baba yangu alianza hizo hizo, akaanguka bafuni. Nyumbani hawajui na sitaki wajue.

Sista wa Zamu:
Pole sana kwa baba. Ila kiharusi huletwa na presha, si kidonge kinachoizuia. Presha mara nyingi haiumi kichwa, ndiyo ubaya wake. Unaweza kutembea na 170 unajisikia kijana. Hiyo miguu kuvimba inafahamika, amlodipini inawafanyia hivyo baadhi ya watu. Dawa yake ni kurudi kwa daktari akupunguzie au akubadilishie, usiziache kimyakimya. Kutembea na kupunguza chumvi endelea navyo, vinasaidia kweli. Mtu mzima inatakiwa asizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo hesabu na vile viungo vya vipande mnavyotia kwenye mchuzi. Lakini kwa 172 usitegemee miguu peke yake.

Na watoto, dakika 60 kwa siku za kukimbia na kucheza wanazipata hapo hapo uani jioni. Mzee wa Rede amesema kweli.

Mjasiriamali Mpya:
Presha inapona kabisa kwa majani ya asili! Njoo faragha nikuelekeze mkuu.

Mtata wa Mbezi:
Nilijua tu! Wakuu, hii ni chai, stori ya kutunga. Tunaanza na machozi ufukweni, inakuja presha, inakuja miguu kuvimba, halafu ghafla anatokea muuza majani. Na hesabu haziji: ndoa ina miaka 9, binti yuko kidato cha pili. Alizaliwa lini huyo binti? Watu wawili, uzi mmoja, biashara moja.

Mzee wa Rede:
Mtata, kuna watu wanazaa kabla ya ndoa, hilo halihitaji hesabu ya kidato cha nne.

Dada Mkubwa:
Hapana, Mtata ana hoja. Nimeingiwa na mashaka na mimi. Mleta mada jibu.

Baba wa Kimara:
Huyo muuza majani simjui, na sijamfuata faragha.

Binti yangu ana miaka 14. Mama yake si mke wangu wa sasa. Mama yake alifariki binti akiwa na miaka 3. Hakuugua muda mrefu, alianguka Jumatano, Ijumaa tukazika. Mke wangu alikuja akamkuta mtoto analala na khanga ya mama yake, amemlea mpaka leo kama wa tumboni mwake. Mnaniuliza kwa nini sisemi. Nitamwambiaje mtoto huyu kwamba na baba naye ana ugonjwa unaoweza kumwangusha ghafla? Nilifikiri nikitengeneza nyumba nzima, presha itashuka bila mtu kujua. Hiyo ndiyo chai yangu.

Mtata wa Mbezi:
Mkuu, samahani. Nimekosea.

Dada Mkubwa:
Kaka, anza na mke. Sasa hivi anadhani anagombana na mwanamke wa Coco Beach, kumbe anagombana na karatasi ya kliniki. Mtoto mtamwambia wawili.

Bibi Dona:
Na mtoto anajua, baba. Tumbo la Ijumaa si uvivu. Ameona umebadilika.

Sista wa Zamu:
Umepima tena lini?

Baba wa Kimara:
Sijapima tangu niache dawa. Niliogopa.

Sista wa Zamu:
Kesho asubuhi nenda, na hivyo vidonge ubebe. Ukisikia upande mmoja wa mwili unakufa ganzi, mdomo kwenda upande au maneno kukataa, usisubiri asubuhi, hospitali saa hiyo hiyo.

Baba wa Kimara:
Wakuu, saa 5 usiku sasa. Nimempa mke wangu ile karatasi. Ameisoma mara mbili, akauliza vidonge viko wapi. Nikamwonyesha, nilivificha kwenye boksi la spana. Amelia, halafu amekasirika kweli, ananiambia miezi yote hii nimemfanya ahesabu nguo zangu. Kesho tunakwenda kliniki pamoja. Kijiko cha chumvi amekichukua, amesema atapima yeye. Binti bado hatujamwambia.

Mzee wa Rede:
Jumamosi msiende alfajiri. Nendeni saa 10 jioni, jua likipoa, mbebe mpira na chupa.

Bibi Dona:
Na hilo dona mwambie mama alichekeche mara moja kabla ya kusonga. Watoto hawapendi zile pumba kubwa.